Unyayo wa Kuku Ukutani

Nilipouona tena ule mduara ukutani nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na chai ikanimwagikia mapajani nisihisi moto wake. Mama Mdogo Damari, aliyekaa karibu yangu kwenye mkeka, alinipangusa kwa ncha ya khanga yake akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimeukodolea macho ukuta wa sebule ya marehemu Mathiasi, pale Mikumi, juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo tochi ndogo ya mfukoni ilikuwa imechora mwanga wake. Ulikuwa mduara wenye pengo upande mmoja, kama chapati iliyomegwa, na ndani ya lile pengo ilichanua mistari mitatu ya mwanga, mfano wa unyayo wa kuku kwenye vumbi. Nilikuwa nimeuona mara moja tu maishani, nikiwa msichana, maji yakiwa yamenifika kiunoni. Sasa nina wajukuu, na meno yangu mengi yamekwenda zake, lakini mwili uliutambua kabla yangu mimi mwenyewe. Vidole vya miguu vilishika mkeka kana kwamba nimesimama tena juu ya gogo linaloteleza.

Niseme kweli, sikwenda Mikumi kulia. Nilimsindikiza Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye tuliishi naye nyumba moja Magomeni, Kilosa. Alipopata habari za msiba alijifunga kitenge chake akasema, twende. Nikamwuliza anakwenda kumlilia mtu yule kwa lipi. Akasema magoti yanamsumbua, nimshike mkono tukapande basi. Hilo halikuwa jibu, lakini mkubwa huwezi kumdai jibu mara mbili. Mathiasi alikuwa mkubwa wangu, wa kunizidi kama kaka wa kwanza anavyomzidi dada wa mwisho, na tangu mwaka ule ninaousimulia sikuwahi kumpa shikamoo. Kwetu kumnyima mkubwa shikamoo ni jambo la kumchapia mtoto. Mimi nilimnyima nikiwa na akili zangu timamu, mbele za watu, na hakuna aliyenichapa wala kunikemea, maana kila aliyetujua alijua sababu.

Mvua ilikuwa inapiga bati tangu asubuhi na umeme ulikuwa umekatika. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya manyunyu, kwa hiyo sebule ilikuwa na giza ingawa ilikuwa mchana. Jeneza lilikuwa katikati, wanawake tumelizunguka kwenye mikeka, na vijana waliosimama mlangoni wakamulika kwa simu zao, ule mwanga mweupe wa siku hizi unaofanya kila uso uonekane wa mgonjwa. Ndipo akaingia Ndahani, mtani wetu, mzee wa Kigogo mwenye kifua kipana na sauti ya kuchungia ng'ombe. Watani wana kazi yao msibani, na Ndahani aliifanya kwa moyo wote. Alikuwa amevaa koti la khaki la marehemu na kofia yake, akichechemea kama marehemu alivyochechemea uzeeni, na mkononi ana tochi aliyoichomoa chini ya mto wa marehemu. Alisema jeneza halitoki mpaka wafiwa waikomboe ile tochi. Akammulika huyu, akammulika yule, akisema kwa sauti ya Mathiasi ya ujanani, alipokuwa mgambo, "Rudi. Rudi ulikotoka." Watu waliangua kicheko. Akasema sisi watu wa milimani tunaoga umande, mto tunauogopa kuliko chui, ndiyo maana marehemu alituchoka akahamia kwenye lami. Mama mmoja akamjibu kwamba heri sisi tunaooga umande kuliko wao wanaoomba mvua kwa barua. Katikati ya vicheko hivyo tochi ilipepesuka mkononi mwake, ikaacha nyuso za watu, ikatua ukutani.

Mwaka ule ndio tulioteremshwa, kwa amri ya serikali ya kuhamia vijijini. Tulitoka milimani tukaja kwenye kijiji kipya kilichopangwa kando ya reli, upande wa Kidete, nyumba zikiwa zimenyooka kwa mistari kama mahindi ya shamba darasa. Sitaki kusema kila kitu kilikuwa kibaya. Tulipata bomba, tulipata darasa lenye bati, na usiku treni ilipopita tulihisi tumo duniani. Lakini ninachokikumbuka kwanza ni harufu ya udongo mbichi. Kuta zilikuwa hazijakauka tulipoingia, na tulilala ndani ya unyevu kama viazi. Na kabla ya hapo nakumbuka jikoni kwa bibi yetu, kule juu. Bibi alikuwa ameinjika maharage, akakataa kutoka mpaka yaive. Mathiasi, kijana wa mgambo wa kijiji, mtoto wa watu tuliowajua, alipanda juu ya paa na panga lake akaanza kufumua nyasi. Masizi ya miaka mingi yaliporomoka, yakaingia chunguni. Bibi hakupiga kelele. Alichukua mwiko akaendelea kukoroga, maharage meusi, mvuke mweusi, na juu yake mwanga wa jua ukimwangukia kichwani ambako haujawahi kufika. Mathiasi alipoteremka alisimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, akamwambia, "Bibi, nimeagizwa." Bibi akamwambia amsogezee chumvi. Hapo ndipo shikamoo yangu kwake ilipoishia.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kwa kuwa niliandika hati nzuri walinipa kazi ya kuuza kwenye duka la kijiji, chini ya Mzee Lazaro, aliyekuwa meneja wake. Duka lilikuwa na sabuni za mche, chumvi, kaniki, mafuta ya taa yakifika, na mara nyingi lilikuwa na rafu tupu na sisi wawili tukizipangusa. Siku moja likaja boksi la tochi ndogo, zile za bati zinazoingia mfuko wa shati na kula betri mbili ndogo. Kijiji kizima kilihama mashambani kuja kuziangalia. Nyuma ya duka palikuwa na stoo isiyo na dirisha, ukuta wake umesiribwa kwa udongo mweupe, na Mzee Lazaro akaweka utaratibu kwamba kila mnunuzi aingie humo, mlango ufungwe, nami nimwashie tochi mojamoja ukutani mpaka achague. Kwa macho ya nje zilikuwa sawa kama mayai ya kuku mmoja. Kule gizani hazikufanana hata mbili.

Nilishangaa sana, na nadhani ule ulikuwa mshangao wangu wa mwisho wenye raha mwaka ule. Moja ilitoa mwanga wenye kiini kikali katikati na ukungu pembeni. Nyingine ilikuwa na shimo jeusi katikati, kama andazi la pete. Nyingine ilimwaga mwanga wote sawasawa, mpana, laini, kama maziwa kwenye sinia. Nyingine ilichora utando wa buibui. Nilijaribu kubadilishana betri zake, alama haikubadilika. Nikabadilisha globu, mwanga ukapanda au kushuka ukali, shimo likajaa au kupungua, lakini kovu lililotokana na kile kikombe kinachong'aa nyuma ya globu lilibaki palepale. Kikombe kikibonyea hata kidogo tu kiwandani, tochi hiyo itabeba alama yake mpaka inaoza kutu. Watu wakaanza kuzipa majina. Kukawa na Andazi, na Sinia, na Buibui, na jioni watu walipopita vichochoroni niliweza kukaa mlangoni nikasema yule ni fulani, kabla sijaona hata miguu yake.

Na mabishano yaliyokuwa mle stoo, leo hayapo. Wanaume waliolinda mashamba dhidi ya nguruwe na tembo walitaka tochi ya kupiga mbali. Wanawake walitaka Sinia. Mama Mdogo alisema, "Nyoka hakai mbali, anakaa hapa miguuni. Wewe mulika Morogoro, mimi nimulikie kidole changu." Mzee mmoja akasema kumulika mbali ni kujitafutia balaa, maana mnyama alikuwa kule na shughuli zake, ukishampiga mwanga machoni ndipo anapopata habari zako. Mjomba wangu Daudi, kaka yake Mama Mdogo, alikuwa hajaoa na mcheshi kuliko wote. Aliingia mle mara nyingi kuliko ilivyolazimu, akachagua ile yenye kiini, akaiita Kiini cha Yai. Alisema mwanamke akiwa na mwanga mzuri hivi angemwoa kesho. Wakamwambia basi aioe tochi, haitamkataza pombe ya kangara. Akaibusu mbele yetu akaitia mfukoni.

Mathiasi alikuja siku ya mwisho, khaki imepigwa pasi, na foleni ikanyamaza. Mzee Lazaro akamwambia aingie stoo achague. Mathiasi akaniangalia, kisha akautazama ule mlango. Mimi sikusogea. Akasema, "Tochi ni tochi." Akatia mkono ndani ya boksi, akachukua ya juu, akaitia mfuko wa kifuani akaondoka. Nilifurahi kwamba hakuingia mle tulimochekea. Kwa hiyo katika tochi zote za kijiji, ya kwake ndiyo pekee ambayo sura yake hakuna aliyeijua. Wala hakuiwasha. Akiwa zamu alitembea gizani, akakukuta ghafla mbele yako kama mti. Mjomba Daudi alisema Mathiasi ameinunua apate kitu cha kuvimbisha mfuko.

Mashamba mapya yalikuwa hayajatoa kitu, na kule juu tulikotoka kulikuwa na maharage na magimbi yetu yaliyokuwa yanaoza ardhini. Kurudi kulikatazwa. Kulikuwa na njia moja tu iliyo fupi, daraja la magogo mawili juu ya Mkondoa, mahali mto unapobanwa na mawe, na waya wa kushikilia uliofungwa huku na huku. Pale ndipo Mathiasi alipowekwa. Ukifika na kikapu chako alikuambia neno moja tu, rudi. Hakutukana wala hakupiga. Watoto walimwimba, Rudi, Rudi, na yeye alisimama palepale na fimbo yake kama hakusikia.

Siku ya mafuriko hakuwapo asubuhi. Mvua ilikuwa nyepesi na tulidhani ameona uvivu. Tulivuka watatu, Mama Mdogo, mtoto wake Naomi aliyekuwa bado wa kushikwa mkono, na mimi. Tulichimba na kuchuma tukasahau saa. Kule vyanzoni mvua ilikuwa imenyesha vingine, na tuliporudi jua likizama, na mawingu yamelifunika lile kidogo lililobaki, daraja halikuonekana. Tulisikia mto kabla ya kuuona. Ulikuwa unasaga mawe chini yake. Maji yalikuwa yamepanda juu ya magogo, na kwa sababu yalikuwa na rangi ya udongo na giza limeingia hukuweza kujua gogo liko wapi na shimo liko wapi. Nyuma yetu maji yalishafunga njia ya bondeni. Mama Mdogo alianza kusali kwa sauti, kisha akaacha, na kuacha kwake kukaniogopesha zaidi ya mto.

Ndipo ng'ambo ikawaka taa. Ndogo, chini kabisa karibu na maji. Mwanga wake ulilala juu ya maji ukatafuta, ukaenda kushoto, ukarudi, mpaka ukapata mahali ambapo maji yalikunjamana juu ya magogo, ukasimama hapo. Mama Mdogo aliita jina la kaka yake. Hapakuwa na jibu, na kwa ngurumo ile hata jibu lisingesikika. Tukaingia. Yeye mbele akimshika Naomi, mimi nyuma na mzigo kichwani, mkono mmoja kwenye waya. Mwanga ulikuwa unatangulia mguu wa Mama Mdogo hatua moja tu, haukwenda mbali zaidi, na akisimama unasimama. Kisha ulirudi kwangu, ukanitafutia mahali pa kukanyaga. Katikati ya daraja Naomi alipoteza katambuga yake, kile kiatu cha tairi, akalia, na mama yake akamvuta. Anayemulikwa hamwoni anayemulika. Mbele ya tochi unaiona miguu yako na hofu yako, nyuma yake hakuna mtu, kuna weusi tu. Tulipofika mwisho palikuwa na mwamba uliosimama kama ukuta, ambako ilibidi ushike ufa ndipo ujivute juu. Mwanga ukapanda pale mwambani kutuonyesha ule ufa. Nami, maji yakiwa kiunoni, niliona mduara ulio na pengo, na ndani yake unyayo wa kuku.

Tulipojivuta juu taa ilizimika. Tuliita. Tulipapasa. Hapakuwa na mtu. Nilijua mwanga wa Mjomba Daudi, ulikuwa na kiini safi, na huu haukuwa na kiini. Nikajiambia kioo kimeingia tope. Usiku ule Mjomba hakurudi nyumbani. Asubuhi hakurudi. Maji yalipopungua walimkuta kwenye kona ya chini, karibu na daraja la reli. Nilimwona alipobebwa kwenye kitanda cha kamba. Sura yake ilikuwa imetulia kama ya mtu anayesubiri kuchekwa.

Hakuna aliyekaa akaitunga ile hadithi. Ilijitunga yenyewe pale msibani, kwa neno la huyu na neno la yule. Daudi alisikia dada yake amekwama, akaenda na tochi, akawavusha, kisha ukingo ukamomonyoka. Mwinjilisti aliihubiri kaburini. Bibi, mama yake Daudi, ambaye hakulia paa lake lilipofumuliwa, siku hiyo alilia kwa kichwa kilichoinuliwa, kama mtu aliyepewa kitu mkononi wakati kingine kinaondolewa. Kila masika alituita wajukuu akatusimulia taa ya Daudi, na mimi nilitoa ushahidi, maana niliiona. Mathiasi alikuwapo kwenye mazishi yale. Alichimba, akabeba udongo, akakaa nyuma kabisa. Nilipita mbele yake na maji ya kunawa, nikamruka, nikampa aliyefuata.

Mwaka haujaisha akaacha umgambo akahamia Mikumi, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli kando ya barabara kuu. Nilimpita mara nyingi basi liliposimama. Ulikuwa mzaha wa watu wa kwetu kwamba Mathiasi akimwona mtu wa Kidete hamwulizi habari za nyumbani wala za watoto. Anamwuliza, "Mto umejaa?" hata kama ni kiangazi na vumbi limejaa kinywani. Aliniuliza na mimi, mara moja, akiwa ameshika tairi la baiskeli, akaliacha likazunguka. Nilimwangalia kama gogo, nikapanda basi langu.

Ndiyo hayo yaliyonijia pale sebuleni, yote kwa pamoja, chai ikikauka kwenye nguo yangu. Nilimwuliza kijana wa marehemu, aliyekuwa anapitisha sahani ya karanga, ile tochi babaye aliipata wapi. Akacheka kidogo. Alisema ni ya tangu ujana wake, tangu huko kijijini, globu zimebadilishwa mara nyingi mpaka hazipatikani tena, na kila walipomnunulia ya kisasa aliigawa. Ya kwake aliilalia.

Nikamgeukia Mama Mdogo. Nilimnong'oneza kwamba mwanga ni uleule. Hakuutazama ukuta. Alikuwa ameshautazama kabla yangu.

"Koti la Daudi nililifungua mimi," alisema polepole, kwa lugha ya nyumbani ili wa Mikumi wasielewe. "Tochi yake ilikuwa mfuko wa ndani, imefungwa ndani ya nailoni kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Ilikuwa kavu, Raheli. Na mguuni alikuwa na kamba ya mgono, ule mtego wake wa samaki. Waliomtoa waliikata kabla mama hajafika."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza angemwambia nini mama yake, kwamba mwanawe amekufa kwa ajili ya kambare wawili. Nikamwuliza kama alijua ni nani aliyetumulikia. Aliikunjakunja ile ncha ya khanga iliyolowa chai.

"Siku ya kuzika alinifuata nyuma ya jiko na katambuga ya Naomi. Ilinasa kati ya magogo, aliifuata maji yalipopungua. Nani aliona imetoka mguuni, kama si mwenye tochi? Nilipotaka kwenda kumwambia mama, akanizuia. Akasema, 'Mwachie Daudi.' Basi."

Huyu ni mtu niliyelala naye chumba kimoja tangu tulipofiwa na waume zetu, niliyemkanda magoti, niliyekula naye sahani moja. Nikamwambia ameniacha miaka yote nimpite yule mtu kama sanamu. Akasema mimi siwezi kutunza uongo, hata ule wa kunyamaza, ningemwambia Bibi siku hiyohiyo. Kisha Bibi alipokufa, yeye alikuwa amekwisha kuzoea. Yote mawili yalikuwa kweli. Nikakumbuka pia kwamba asubuhi ile Mathiasi hakuwapo darajani, na kwamba jioni, mvua ikimpiga, alikuwapo. Kwa kazi aliyopewa, kama angesubiri tuone uso wake, angelazimika kutukamata. Alizima taa akaondoka ili tusimwone, na nadhani pia ili yeye asituone.

Mama Mdogo naye amekwisha kufa, ndiyo maana nayaandika. Mjomba Daudi simnyang'anyi kitu. Alikuwa mtu mwema aliyetuchekesha mwaka ambao hapakuwa na cha kuchekea, na hilo linamtosha.

Vijana walikuwa wameanza kulishika jeneza. Ndahani akawazuia kwa kifua, akasema tochi haijakombolewa. Mtoto wa marehemu akamwahidi jogoo. Ndahani akasema jogoo gani, yule anayekohoa. Watu wakacheka, na katikati ya kicheko hicho mimi nikasimama. Sikujua nakwenda kufanya nini. Nilijua tu kwamba wakimtoa mlangoni sitakuwa na pa kumkuta tena. Nilikanyaga mkeka wa mtu, nikaomba radhi. Ndahani akaniona, akanyoosha mkono kama mgambo darajani, akanipiga mwanga machoni. Sikumwona tena. Niliona mwanga, na nyuma yake weusi wenye umbo la koti lile.

"Rudi," alisema.

Walicheka. Mimi nilisimama palepale, nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wanaume walioko nje, "Shikamoo, kaka Mathiasi."

Kicheko kilikatika. Mvua tu ndiyo iliyoendelea. Waliotoka kwetu walijua hicho walichosikia, wale wa Mikumi walijua tu kwamba wenzao wamenyamaza. Mtani hafundishwi la kufanya mahali kama pale, na Ndahani hakuwa na habari yoyote ya jioni ile mtoni. Aliona bibi mzee anayetetemeka, na sakafu iliyojaa miguu ya watu na vikombe. Akaishusha tochi kutoka machoni pangu, akailaza sakafuni mbele ya vidole vyangu, hatua moja tu mbele.

"Marahaba," alisema. "Pita."

Mwanga ukatangulia, nikaufuata.